Kupanda mtandamboo Mombasa: kichaka cha miiba kwa ndege wadogo, nondo na vipepeo

Bustani nyingi za Mombasa zina maua tele lakini ndege wadogo ni wa kuhesabu. Sababu moja kubwa iko juu ya ukuta kila asubuhi: kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu si wa hapa. Asili yao ni Bara Hindi, waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na kuingia Mombasa miaka ya 1940. Chakula chao ni taka, na pia mayai na makinda ya ndege wengine. Mnamo Januari 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja. Hiyo ni kazi ya serikali. Kazi ya mwenye bustani ni kuwapa shore na kuzumburu mahali pa kutaga ambapo kunguru akitia kichwa anachomwa.

Mahali hapo ni mtandamboo. Ni kichaka cha kwetu, kimezoea kaskazi na jua lake, mawe ya matumbawe hayakitishi, na kikishashika hakidai maji ya mfereji. Mabogenvila nayo yana miiba na hustahimili ukame, lakini yametoka Amerika Kusini na hayana tunda la kumlisha ndege. Mtandamboo una maua, tunda na miiba kwa pamoja.

Kwanza hakikisha ndio wenyewe

Usiruke sehemu hii hata kama una haraka. Mtandamboo kitaalamu ni Carissa spinarum. Vitabu vya zamani vimeuandika Carissa edulis. Ukifika kitaluni ukaona jina la pwani halieleweki, uliza mukawa, ndivyo waitavyo Wakikuyu na Wakamba, au ochuoga kwa Wajaluo.

Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, ni magumu kidogo, yanang'aa, yana ncha. Ukivunja kijiti hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua ni meupe, yana petali 5, kwa nje yana wekundu hafifu, na hukaa kwa vishada. Harufu yake wakati wa magharibi inaikaribia asumini. Tunda huanza kijani, likawa jekundu, likamalizia zambarau iliyokolea karibu na weusi, na ukubwa wake ni kama zabibu ndogo. Miiba imenyooka, mirefu kama kiungo cha kidole au zaidi, na hutokea pale jani linaposhikana na tawi.

Sasa hatari. Uko mti wa ukoo huohuo uitwao msunguti, ambao wawindaji wa pwani na bara walichemsha mbao na mizizi yake kupata sumu ya mishale. Majani yake nayo yanatazamana na yanang'aa, maua ni meupe yenye wekundu na yananukia, utomvu ni mweupe, na tunda likiiva huwa zambarau. Mtu anayetazama tunda peke yake atakosea. Tofauti ya kushika ni moja: msunguti hauna mwiba hata mmoja. Mtandamboo uliokulia kivulini nao huweza kuwa na matawi machanga yenye miiba michache, kwa hiyo usihukumu kwa tawi moja. Kagua kichaka chote mpaka shinani. Usipoona miiba, usichume mbegu, usikate kipandikizi, na mtoto asionje.

Jambo la pili kitaluni: baadhi ya wauzaji watakupa ndugu yake wa mapambo, Carissa macrocarpa, anayejulikana zaidi pwani ya Afrika Kusini. Huyo mwiba wake hugawanyika ncha mbili kama uma, ua lake ni kubwa, na tunda lake likiiva hubaki jekundu na linakaribia ukubwa wa embe changa la kuanguka. Si mti mbaya, ila si huu tunaousema hapa. Tazama mwiba kabla ya kulipa.

Mbegu au matawi usiyatoe kwenye kaya. Misitu ya kaya za Mijikenda ni mahali patakatifu, na tangu 2008 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Omba kwenye shamba la mtu, au nunua miche kwenye kitalu cha miti ya kienyeji. Walio upande wa Kilifi wanaweza kuulizia kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kilichoko Gede.

Chagua mahali

Mtandamboo unataka jua la saa 6 kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe utaishi, lakini utarefuka kutafuta mwanga, utatambaa juu ya matawi ya mwembe, na maua yatakuwa machache.

Ukiachiwa hufika mita 3 kwenda juu na upana wa mita 2 au 3. Kwa hiyo uweke mita 2 kutoka njia ya watu na mita 1.5 kutoka ukutani, upate pa kupita wakati wa kupogoa. Usiuweke karibu na mlango wa watoto wala penye kamba ya kuanikia nguo; shuka ikipeperushwa na kusi ikanasa, hutaitoa nzima.

Kwa nyumba zilizo mstari wa kwanza wa bahari, Nyali au Bamburi, upepo wa chumvi huunguza majani machanga. Upande nyuma ya ukuta au nyuma ya mti unaovunja upepo. Ukishapita mwaka wa 2 hustahimili zaidi.

Wanaokaa gorofani wanaweza kutumia pipa lililokatwa nusu, lenye matundu 6 au 7 chini. Utachanua, nondo watakuja. Kiota usitarajie.

Wengi huuliza habari ya nyoka. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata makombo. Kichaka kilichotupiwa maganda na mifuko chini yake kitaleta wote wawili. Kichaka chenye majani makavu tu chini hakina cha kumwita panya.

Kupata miche

Njia ya mbegu ndiyo nzuri kwa ajili ya wanyama, kwa sababu kila mche unakuwa na tabia yake: mmoja huchanua mapema, mwingine huchelewa, na chakula kinadumu muda mrefu. Chuma matunda 40 yaliyoiva kabisa, yale meusi yanayotoka kwa kuguswa tu. Yaliyo mekundu hayajakomaa ndani. Chuma kwenye vichaka viwili au vitatu tofauti ukiweza.

Yaminye kwenye bakuli la maji, sugua mbegu kwa vidole mpaka utelezi utoke, mwaga maji, rudia mara tatu. Kila tunda hutoa mbegu 2 mpaka 4, bapa na nyembamba. Zinazoelea zitupe. Zilizozama zitandaze juu ya gazeti kivulini kwa siku moja, kisha zipande wiki hiyohiyo. Utelezi ukiachwa, ukungu unaota juu ya mbegu kabla ya mche kuchomoza, na hilo ndilo kosa la kwanza la wanaosema mbegu za mtandamboo hazioti.

Changanya udongo kwa mkebe mmoja wa kupimia: mikebe 3 ya udongo wa juu, 1 ya mchanga wa mto, 1 ya samadi ya mbuzi iliyooza ikawa haina harufu. Mchanga wa ufuoni usitumie, una chumvi. Jaza mifuko ya kitalu au chupa za maji za lita moja zilizokatwa shingo na kutobolewa chini. Weka mbegu 2 kwa kila chombo, kina cha sentimita 1, funika, mwagilia kwa mkono uliokunjwa ili mbegu zisihamishwe na maji.

Juu weka kivuli cha kuti moja lililosukwa kwa nafasi, lipitishe mwanga wa vidoa vidoa. Zikiwa mbichi, mbegu nyingi huchomoza kati ya wiki ya 2 na ya 4. Udongo uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Maji yakizidi, mche mchanga hulegea pale unapogusana na udongo, unaanguka kama umekatwa na wembe, na wa jirani unafuata siku ya pili. Hilo likianza acha kumwagilia siku mbili, ondoa walioanguka pamoja na udongo wao, ongeza nafasi kati ya mifuko hewa ipite.

Mche ukipata majani 4, ng'oa ulio dhaifu ubaki mmoja. Toa kivuli polepole: wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, ya pili mpaka adhuhuri, ya tatu kutwa. Mwendo wa mtandamboo ni wa pole mwanzoni, usidhani umedumaa. Utakaa mfukoni miezi 6 mpaka 8 kabla ya kufika sentimita 25 au 30. Inua mfuko kila wiki 2. Mzizi ukitoboa chini na kushika ardhi, siku ya kupanda utaukata na mche utanyauka.

Njia ya pili ni kulaza tawi, nayo ndiyo rahisi kama tayari una kichaka au jirani anacho. Chagua tawi la chini lenye unene wa penseli, linaloinama lenyewe. Ondoa majani na miiba sehemu ya sentimita 15 katikati ya tawi, kwangua gome upande wa chini urefu wa sentimita 3, lizike hapo kina cha sentimita 8, weka jiwe juu lisiinuke, ncha ya tawi ibaki nje. Fanya hivyo masika yanapoanza. Baada ya miezi 3 au 4 vuta kidogo. Likikataa limeshika mizizi. Kata upande wa mama, liache palepale wiki 3 lijitegemee, ndipo ulihamishe.

Vipandikizi vya kukata vinawezekana, sentimita 15 kutoka tawi lisilo changa wala gumu sana, lakini vingi vitakauka. Kata 20 ukitaka 5.

Kuchimba shimo kwenye matumbawe

Kisiwani na sehemu kubwa ya Nyali na Bamburi, ukichimba shubiri moja au mbili unakutana na jiwe. Jembe halifai hapo. Tumia mtaimbo na sururu, na uvae kitu cha macho kwa sababu vipande vinaruka.

Shimo liwe sentimita 45 kila upande na kina hichohicho. Kabla ya kujaza, limimine debe moja la maji. Yakiisha ndani ya saa 2 au 3, sawa. Yakilala mpaka kesho yake, jiwe la chini halina ufa. Piga mtaimbo katikati ya sakafu mpaka upate mwanya, la sivyo masika yatageuza shimo kuwa bakuli na mizizi itaoza huku juu ukidhani mti una kiu.

Shimo la ukubwa huo linakula karibu madebe manne na nusu. Rudisha udongo wake mwenyewe uliochekechwa mawe, kama madebe 2. Ongeza debe moja na nusu la udongo mwekundu, ule unaoletwa kwa lori, na debe 1 la samadi iliyooza. Changanya nje ya shimo, juu ya gunia, wala si kwa tabaka. Samadi mbichi usiitie: inaunguza mizizi na inaita mchwa. Mbolea ya dukani haina kazi hapa; huleta majani mengi laini, na majani laini huleta vidukari.

Siku ya kupanda ni baada ya mvua 2 au 3 za masika kulowesha ardhi, kwa kawaida Aprili mpaka mapema Mei. Vuli ni nafasi ya pili, lakini jua kwamba baada yake kaskazi inakuja na utabeba maji mpaka Machi. Panda jioni. Pasua mfuko ubavuni badala ya kuvuta mche kwa shingo, weka donge zima, juu ya donge liwe sawa na ardhi, kanyaga kwa kisigino taratibu, mwagilia lita 10.

Kichaka kimoja kinatosha bustani ndogo, lakini vitatu vilivyopandwa pembetatu, mita 1.5 kati yao, huungana katikati na kufanya chumba kisichofikika. Hapo ndipo ndege hupenda. Kwa ua wa kuzunguka kiwanja panda mistari miwili kama meno ya msumeno, mita 1 kati ya mche na mche na sentimita 60 kati ya mistari.

Funika ardhi kwa makumbi ya nazi, upande wa nyuzi ukitazama chini, kuzunguka mche kwa upana wa mita moja. Acha nafasi ya kiganja kati ya makumbi na shina. Makumbi hushika maji, hupunguza magugu, na ukiyainua baadaye utakuta jongoo na mijusi wamehamia.

Maji

Wiki 2 za kwanza, ikiwa mvua haijanyesha, lita 5 kila baada ya siku 2. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa 3 tangu kupanda, lita 10 mara mbili kwa wiki. Kaskazi ya kwanza, Desemba mpaka Machi, debe moja kwa wiki kwa kila kichaka, likimwagwa polepole mpaka liishe kunywewa. Kidogo kidogo kila siku ni kosa: mizizi hubaki juu ikisubiri, na siku mfereji ukikatika wiki nzima, jambo lisilo geni Mombasa, mti unakauka na majani yake. Mwaka wa 2 nusu ya kiasi hicho. Mwaka wa 3 acha.

Maji ya kisima yaonje. Kama yana chumvi ya kukunja uso, majani yatakuambia ndani ya mwezi: ncha zinageuka kahawia kama zimepitishwa motoni, kuanzia majani ya chini. Dawa ni kuosha udongo kwa madebe 3 ya maji matamu siku moja, kisha umwagilie ya kisima na matamu yaliyochanganywa nusu kwa nusu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha hayafai.

Kupogoa bila kuharibu kazi

Mche ukifika sentimita 40, kata ncha ya juu sentimita 5. Utatoa matawi pembeni. Kila tawi likirefuka tena sentimita 40 kata ncha yake. Ukifanya hivyo miaka miwili ya kwanza unapata kichaka kilichosokotana kuanzia chini, na huko kusokotana ndiko kunakomzuia kunguru. Kichaka kilichoachwa kirefuke bila kukatwa huwa kitupu chini, chenye mwavuli juu, na ndani yake kunguru anatembea kama sebuleni kwake.

Baada ya hapo pogoa mara moja kwa mwaka tu, na wakati wake ni baada ya matunda kuisha. Fundi wa bustani aliyezoea kukata ua kila mwezi liwe kama tofali ndiye adui mkubwa wa kichaka hiki. Maua hutokea kwenye ncha za matawi. Ukikata ncha kila mwezi hupati ua, bila ua hakuna tunda, na mwisho wa mwaka unauliza mbona haukuzaa. Mwambie akate njia ya kupita na mambo mengine ayaache. Sketi ya chini, matawi yale yanayogusa ardhi, asiiguse kabisa.

Kabla ya kukata, simama umbali wa mita 5 kwa dakika 15. Ukiona ndege anaingia na kitu mdomoni na kutoka mtupu, ana makinda. Ahirisha wiki 4. Kiota cha shore ni kidogo kama kikombe, cha vijiti vyembamba na mizizi, mara nyingi kwenye kimo cha mtu, na usipokitazamia hukioni mpaka umekikata.

Vaa glavu za ngozi, shati la mikono mirefu na viatu. Ndara hazimzuii mwiba uliolala chini. Utomvu ukiingia jichoni unawasha vikali, suuza kwa maji mengi. Matawi uliyokata usiyachome. Yarundike pembeni, kimo cha goti, yaoze polepole. Rundo lenye miiba ni ngome ya guruguru na mijusi kafiri ambayo paka haingii.

Nani atakuja, na usimfukuze vipi

Wa kwanza ni wa usiku. Ua jeupe lenye harufu ya magharibi na mrija mwembamba limetengenezewa nondo wenye ulimi mrefu. Taa ya ulinzi ikiangaza kichaka usiku kucha nondo hawa huzunguka taa badala ya ua. Igeuze ielekee langoni.

Siku moja utamkuta kiwavi mnene wa kijani, urefu wa kidole, mwenye kijipembe nyuma na madoa mawili ya buluu karibu na kichwa. Ukimgusa huinamisha kichwa, na yale madoa yanafunguka kama macho ya mnyama mkubwa. Huyo ni mtoto wa nondo Daphnis nerii, na majani ya mtandamboo ni chakula chake. Atamaliza tawi moja au mawili, halafu ageuke rangi ya udongo ateremke kujificha kwenye makumbi. Kichaka kilichopita mita moja hakidhuriki. Kwenye mche wa kitaluni mhamishe kwa kijiti mpaka kichaka kikubwa. Kumpulizia dawa ni kumpulizia pia ndege aitwaye chozi, maana chozi hulisha makinda yake wadudu na buibui, wala si asali ya maua peke yake. Utando wa buibui nao uache; chozi huuchukua kufungia kiota chake.

Nyuki na vipepeo huja mchana. Matunda yakianza kukolea, shore ndio wanaotangulia, kisha kuzumburu kwa kundi, wakining'inia na mikia yao mirefu chini. Kuzumburu hula majani machanga na machipukizi pia, na waliolima mboga hawawapendi. Kama una kitalu cha mchicha karibu, kifunike kwa neti na mtandamboo uwaachie wao.

Weka maji. Sahani pana ya udongo, kina cha sentimita 3, jiwe katikati la kusimamia, iwe mita 2 kutoka kichakani: karibu ya kutosha ndege akimbilie miibani, mbali ya kutosha paka asimvizie akiwa chini ya kichaka. Mwaga na usugue kila siku 2, la sivyo unafuga mbu.

Na pipa la taka lifunikwe. Hakuna kichaka kinachoweza kushindana na jalala lililo wazi hatua kumi kando yake. Kunguru wakikaa hapo kutwa, shore hatathubutu kutaga hata ndani ya miiba.

Yanayokwenda kombo

Majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani si kiu. Ni chokaa ya matumbawe inayozuia mti kupata madini ya chuma. Ukiongeza maji unaongeza tatizo. Tandaza debe la samadi iliyooza au mboji kuzunguka shina mwanzo wa kila mvua, na majani yanayofuata yatatoka sawa. Yale ya zamani hayarudi kijani.

Vumbi jeupe kama pamba kwenye vikonyo ni wadudu wa kunyonya, mara nyingi wakichungwa na sisimizi. Wapige kwa maji ya mpira kwa nguvu asubuhi, siku 3 mfululizo. Wakirudi, sugua kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kipande, kisha suuza.

Mche ulionyauka ghafla, ukavutwa ukatoka mtupu, umekatwa na mchwa. Chimbua, ondoa kipande chochote cha mbao au samadi mbichi ndani ya shimo, na msimu huo usirudishe makumbi.

Mbuzi watakula miche, miiba ikiwa bado laini. Mwaka wa kwanza zungushia matawi makavu ya miiba.

Kisha kuna watu. Mizizi ya mtandamboo hutiwa kwenye supu na hutumiwa kama dawa, na mtu akijua unao atakuja na jembe. Mzizi wa upande mmoja ukichimbwa, nusu ya kichaka hukauka. Mpe matunda badala yake.

Kutoka mbegu, maua ya kwanza yanaweza kuonekana mwaka wa 2, na matunda ya maana mwaka wa 3. Yaliyoiva ni matamu yenye ukali kidogo na yanafanya jemu nzuri. Chuma ya nje, yanayofikiwa bila kuumia, na ya ndani uwaachie ndege. Ukishafika hapo kitalu hutakihitaji tena: tazama chini ya waya wa stima na kando ya ukuta wanapotua shore wakitoka kula. Miche itachomoza hapo yenyewe baada ya mvua. Ikiwa na majani 4 na ardhi ingali laini, ichimbue kwa kijiko pamoja na udongo wake na uitie mfukoni jioni hiyohiyo.